Marinda ya Lucy Robarts

Tarehe 23 Mei 1860 Anthony Trollope alimwandikia mchapishaji wake, George Smith, barua ya mtu ambaye hasira zimempanda hadi hajui aanzie wapi. Toleo la Juni la jarida la Cornhill lilikuwa tayari. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya sita ya riwaya yake Framley Parsonage, pamoja na mchoro wa ukurasa mzima wa John Everett Millais. Trollope aliomba mchoro uondolewe kama bado kuna njia, ingawa alihofia kuwa maji yamekwisha kumwagika. Ni kichekesho kitupu, alisema, na watu watadhani kimefanywa kichekesho kwa makusudi. Ni mzaha wa kupelekwa Punch, lile jarida la vikatuni, ila hata Punch wasingeupokea kwa jinsi ulivyochorwa ovyo. Na uso wa msichana hausimulii kitu: anaonekana kama amepitiwa na usingizi.

Mara ya kwanza nilipouona mchoro wenyewe nilidhani ni pazia la kitanda limekatika na kuanguka. Ilinichukua muda kumwona mtu. Msichana amejitupa kitandani, mwili umemezwa na gauni la marinda, safu juu ya safu, na sketi imefura hadi imekula nafasi kuliko kitu kingine chochote ukurasani. Mpe fundi cherehani picha hii, atakukadiria kitambaa kilichotumika. Muulize binti analia nini, atakutazama tu. Chini pamechapwa swali fupi: je, haukuwa uongo?

Uongo unaoulizwa hapo ni wa binti wa daktari aliyemwambia kijana wa kikabaila kwamba hampendi, ilhali anampenda. Na gauni lile alilolitukana Trollope ndilo, kwa maoni yangu, linaloeleza kwa nini alidanganya. Nimeutazama mchoro huu mara nyingi na kuisoma upya sura inayouhusu, na kila mara narudi upande wa mchoraji, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolifikia.

Kwanza hadithi, maana bila hiyo mchoro ni nguo tu.

Lucy Robarts ni yatima. Baba yake, daktari wa mji wa Exeter, amefariki, naye amekuja kukaa kwa kaka yake Mark, kasisi wa Framley. Parokia ile iko mikononi mwa Lady Lufton, mjane mwenye jumba, mashamba na kauli. Yeye ndiye aliyempa Mark ukasisi, kwa kuwa Mark alikuwa rafiki wa mwanawe Ludovic tangu shuleni. Ludovic huyo sasa ndiye Lord Lufton, mrithi wa cheo cha baba. Mtu wa nje akiwatazama wote hawa anaweza kudhani ni kundi moja: wanakula meza moja, lafudhi yao moja, Jumapili wako kanisa moja. Msomaji aliyelelewa na ngano za mfalme aliyemwoa binti wa mkata kuni atauliza, sasa pengo liko wapi?

Pengo ni jembamba, lakini linakwenda chini sana. Kasisi anakula kwa hisani ya mama wa kijana, na dada wa kasisi anakula kwa hisani ya kasisi. Tena Lucy ni mdogo wa umbo, rangi yake ya maji ya kunde kwa vipimo vya Kiingereza, hana kitu cha kumfanya mtu ageuke anapoingia ukumbini, mpaka azungumze. Lady Lufton ana neno lake kwa hilo, neno linaloumiza kuliko tusi: msichana huyu si lolote. Trollope alilipenda neno hilo kiasi cha kulifanya swali la sura nzima baadaye.

Mama amekwisha kumchagulia mwanawe Griselda Grantly, mrefu, mweupe, mkimya kama sanamu ya marumaru. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Griselda naye ni binti wa kasisi! Ila baba yake ni shemasi mkuu mwenye fedha zake, na babu mzaa baba alikuwa askofu. Tena Griselda anajua kuvaa. Anapopata mchumba (si Lufton, ni Dumbello, mtoto wa mtu mkubwa zaidi), kipaji chake kinachanua kwenye jambo moja tu, nguo za harusi, na hapo Trollope anamcheka bila huruma. Kwa hiyo mstari wa tabaka katika riwaya hii haupiti kati ya ukasisi na ukabaila. Unapita kati ya mwanamke anayeweza kuijaza nafasi kwa macho ya watu na mwanamke asiyeweza. Ni suala la umbo na vazi, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyeliweka hivyo kabla Millais hajashika kalamu.

Lord Lufton anampenda Lucy. Lady Lufton ananusa jambo, anamtuma mke wa Mark afikishe onyo la kiungwana kwamba binti asizoeane mno na kijana. Lucy linamchoma. Siku Ludovic anapokuja nyumbani kwa kasisi, wakawa wawili tu sebuleni, akamwambia wazi kwamba anataka kumwoa, Lucy anasema haiwezekani. Kijana hakubali jibu la juujuu. Anamtaka aweke mkono moyoni na kusema hampendi. Lucy anauweka, na anasema. Kijana anaondoka.

Lucy anapanda chumbani, anajitupa kitandani, na hapo Trollope anampa fikra ambazo hakumpa nafasi ya kuzisema sebuleni. Kwa nini amesema uongo ule? Lakini mama yake Ludovic je? Na kejeli za ulimwengu, watakaosema kwamba aliutega mtego wake na kumnasa lodi mjinga? Mapenzi yake yalikuwa na nguvu, anasema msimulizi, lakini pengine kiburi chake kilikuwa na nguvu zaidi, walau kwa dakika zile.

Shika hilo neno kejeli, nitalihitaji.

Mchoraji wa kitabu ana taabu ambayo mwandishi hanayo. Mwandishi anaandika kwamba fulani ni wa juu na fulani ni wa chini, yakaisha. Mchoraji hana mstari wa kuchora hali ya mtu. Anahitaji kitu kinachoshikika: ngazi, kiti, viatu, mlango, nguo. Na akishakichagua hicho kitu, lazima akipe ukubwa, na hapo ndipo ugomvi na mwandishi huanzia.

Miaka mitatu kabla ya ugomvi wa Trollope ulitokea mwingine wa ukoo huohuo. Mwaka 1857 mchapishaji Moxon alitoa mashairi ya Tennyson yenye michoro 54. Millais alichora 18, William Holman Hunt 7, Dante Gabriel Rossetti 5. Hao watatu walikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha undugu wa wachoraji wa Pre-Raphaelite mwaka 1848. Hunt alipewa shairi fupi kuhusu mfalme Cophetua na msichana ombaomba. Shairi linasema mfalme, na joho lake na taji, alishuka kumlaki. Hunt akachora ngazi. Tennyson akalalamika: yeye hakusema pana ngazi nyingi vile, alikusudia kidato kimoja au viwili tu. Hunt mwenyewe aliyasimulia hayo uzeeni, na ukiyasoma haraka utacheka ukadhani ni ubishi wa wazee. Lakini fikiri. Vidato viwili ni adabu ya mfalme anayeinuka kitini. Ngazi nzima ni umbali kati ya watu wawili. Mshairi alitaka mapenzi yaliyopita kirahisi juu ya kizingiti. Mchoraji alitaka tuhesabu alishuka mara ngapi.

Katika kitabu hichohicho Millais alichora kwa ajili ya shairi la Lord wa Burleigh, kabaila anayemwoa msichana wa kijijini akijifanya mchoraji maskini. Msichana anafika nyumba ya mume, anakuta ni kasri, anajikaza kuwa mke anayestahili, na uzito wa heshima asiyozaliwa nayo unammaliza. Akiwa maiti, mume anaamuru waleteni lile vazi alilofungia ndoa, wamvike. Shairi linaishia kwenye nguo! Huyo ndiye Millais aliyefika kwa Lucy Robarts mwaka 1860: mtu aliyekwisha kufanyia kazi hadithi ambamo mwanamke anavuka tabaka, na kitu cha mwisho anachobaki nacho ni gauni la upande aliotoka.

Alikuwa na sababu za nyumbani pia za kuijua milango ya wakubwa. Mkewe Effie aliwahi kuwa mke wa mhakiki John Ruskin. Ndoa ile ilibatilishwa mwaka 1854, akaolewa na Millais mwaka uliofuata. Malkia Victoria hakumpokea Effie tena ikulu, hadi mwaka 1896 Millais alipokuwa kitandani akikata roho akaomba mkewe apokewe. Sidai kwamba hayo yamo ndani ya mchoro wa Lucy. Nasema tu kwamba mtu huyu hakuhitaji kufundishwa na Trollope maana ya mlango uliofungwa kwa adabu.

Lakini kulikuwa na tofauti kubwa kati ya Tennyson wa Moxon na Cornhill, na tofauti hiyo ni bei. Kitabu cha Moxon kiliuzwa shilingi 31 na peni 6. Cornhill, iliyoanza Januari 1860 chini ya uhariri wa mwandishi wa riwaya Thackeray, ilikuwa shilingi moja, na toleo la kwanza liliuza nakala zaidi ya 100,000. Trollope alilipwa pauni 1,000 kwa Framley Parsonage. Wasomaji wake hawakuwa akina Lady Lufton tu. Mabinti wa madaktari walikuwamo kwa maelfu, na kila mmoja alijua gauni aliloning'iniza nyuma ya mlango wake.

Namna mchoro ulivyofika kwao inaeleza sehemu ya kilichotokea. Mchoraji wa zama zile hakupeleka karatasi kiwandani. Alichora juu ya kipande cha mti mgumu uitwao boksi, kilichopakwa weupe, kisha kipande kikaenda kwa wachongaji, hapa ndugu wa familia ya Dalziel wa London, ambao walichonga kila mahali palipokuwa peupe na kuacha mistari imesimama kama kuta nyembamba. Mchoro wa asili ulikufa ndani ya kazi hiyo. Kwa nakala nyingi kama zile, ubao haukuachwa usagike mashineni. Ulinakiliwa kwenye bamba la metali. Basi jaribu kufikiria rinda moja la Lucy: kila mkunjo ni mstari wa wino, na kila mstari wa wino ni kijiti cha mti ambacho mtu wa Dalziel alikizunguka kwa patasi ndogo asikivunje. Uso, kwa upande wake, ni mistari michache, na mmoja ukiwa mnene kidogo kuliko mwenzake, huzuni inakuwa usingizi. Huenda Trollope alikuwa akimlaumu Millais kwa kosa la upana wa unywele. Marinda hayana hatari hiyo. Mkono ukiteleza kwenye rinda, hakuna atakayejua.

Sasa gauni lenyewe. Mwaka 1856 ilitolewa hataza huko Paris ya fremu ya pete za chuma chembamba za kuvaliwa chini ya sketi, krinolini. Kabla ya hapo mwanamke aliyetaka sketi yake ifure alivaa sketi za ndani tano au sita, nzito kama zulia. Fremu ya chuma ilikuwa nyepesi na rahisi, na kwa sababu ya urahisi huo ikavaliwa na kila mtu: malkia, mke wa muuza nyama, mjakazi anayepanda ngazi na trei ya chai. Viwanda vingine viliwakataza wafanyakazi wa kike kuja nayo karibu na mashine. Punch walipata chakula cha miaka kumi: wanawake waliokwama milangoni, wajakazi wanaofanana na mabibi zao, upepo wa pwani na kilichofuata.

Hasira ya Trollope mwanzoni niliiona kama majivuno ya mwandishi. Sasa naiona tofauti, na ndiyo sababu nilikwambia ushike lile neno. Lucy amemkataa mtu anayempenda kwa kuogopa kejeli za watu. Halafu ukurasa uleule wa uchungu wake unamleta kwa wasomaji akiwa ndani ya krinolini iliyofura juu ya kitanda, utani unaojulikana na kila mnunuzi wa jarida la vichekesho. Yaani ulimwengu uliokuwa ukingojewa kumcheka ukapewa tiketi na picha. Trollope alipotaja Punch alimaanisha Punch hasa. Alikuwa, nadhani, akimtetea msichana wake kwa namna ambayo yeye mwenyewe Lucy angeielewa.

Pamoja na hayo, mimi naona alikosea.

Tazama tena. Hilo ndilo gauni alilokuwa amelivaa sebuleni. Ndani ya gauni hilo alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akasema sentensi isiyo ya kweli kwa sauti iliyotulia. Vazi lile limetengenezwa kwa kazi hiyohiyo, kusimama mbele ya watu. Halikushonwa kwa kulala. Pete za chuma hazijui kwamba mwenye nyumba amevunjika. Zinabaki na umbo lake, zinanyanyua kitambaa kama hema baada ya harusi kwisha. Gauni bado limesimama, aliyelala ni mwenye gauni. Mwandishi anasema kiburi kilishinda mapenzi. Millais hana neno kiburi, ana chuma chini ya marinda, na amekichora kikiwa kimeshinda, kikubwa kuliko yule kilichomshinda.

Halafu kuna Griselda. Msomaji wa toleo la Juni tayari alimjua Griselda na nguo zake. Kumwona Lucy, kasichana kale kasikokuwa lolote, ndani ya gauni ambalo Griselda angeweza kulivaa bila aibu, ni kupewa swali ambalo Lady Lufton hakuwahi kulikubali kichwani: kama vazi ni hilohilo na ukoo ni wa makasisi pande zote mbili, ni nini hasa kinachomkosesha huyu na kumpa yule? Maneno ya sura hayaulizi hivyo. Mchoro unauliza.

Uso, hapo nakubali, Trollope alikuwa na haki. Hilo ndilo jambo moja nililoliahidi. Ukifunika gauni kwa kiganja na kubakiza kichwa na mikono, unapata msichana aliyechoka baada ya safari. Hakuna uongo pale, wala swali. Bila maandishi ya chini mchoro ungekuwa bubu, na mchoro unaotegemea maandishi kiasi hicho una deni.

Kinachofuata katika riwaya kinahitaji sisi tulioko huku tukielewe kwa lugha yetu, kwa sababu nadhani Waingereza wenyewe walikiona kuwa ajabu zaidi kuliko tunavyokiona sisi. Ludovic anarudi tena na ombi lake. Lucy safari hii hadanganyi. Anaweka sharti: atakubali siku Lady Lufton mwenyewe atakapomwomba. Katika sura ambayo Trollope aliipa jina la hadithi ya mfalme Cophetua, anamwambia mama wa kijana ana kwa ana kwamba anampenda mwanawe, kwamba aliwahi kumkataa, na kwamba hataingia katika nyumba ambayo mama hamtaki. Kwa Kiswahili jambo hili lina jina. Anataka posa. Mapenzi ya vijana wawili hayamtoshi. Anataka wakubwa waje, kwa miguu yao, waseme wamekuja kuomba. Msichana asiyekuwa lolote anageuza ngazi ya Cophetua: si mfalme wa kushuka, ni mama yake mfalme.

Na mama anashuka. Lucy anakwenda Hogglestock, kwenye nyumba ya kasisi fukara Crawley, kumuuguza mke wake homa kali huku wengine wakiogopa hata kukaribia mlango. Habari zinamfikia Lady Lufton. Katika sehemu ya mwisho, Aprili 1861, yule bibi mkubwa anakwenda kumwomba Lucy awe binti yake. Sura inaitwa kwa jina lisilo na mapambo, Ombi la Lady Lufton.

Haikuchorwa. Riwaya nzima ilipata michoro sita tu: Lord Lufton na bunduki yake akiwa na Lucy, Aprili 1860, gauni, Juni, familia ya Crawley, Agosti, Lady Lufton uso kwa uso na adui yake Duke wa Omnium, Oktoba, mabibi wawili wakizungumza, Januari 1861, na Machi, mke wa Mark akimwambia mumewe kwamba watu wamefika, yaani maofisa wa kukamata mali, maana kasisi alikuwa ameweka sahihi hati za madeni ya mtu mwingine. Mkutano wa makabaila wawili ukumbini ulipata ubao wake wa boksi. Fanicha za kasisi kutaka kuorodheshwa kwa deni, zikapata. Posa ya Lady Lufton, kitendo pekee ambacho kwacho tabaka linavukwa kweli katika kitabu kizima, kikaachwa kwa maneno. Mimi ningeitoa michoro mitatu ya hiyo sita nipate huo mmoja. Angevaa nini Lucy siku hiyo, ametoka kuuguza?

Turudi kwa mwandishi mwenye hasira. Mwezi Februari 1860, kabla mchoro wowote haujatoka, Trollope alikuwa amemwambia Smith kwamba akiishi kuona hadithi yake imechorwa na Millais basi hatashikika. Mei hakushikika kweli, ila kwa sababu nyingine. Katika barua ile ya hasira alifikia kusema kwamba pengine Millais hana muda na kazi hizi, bora ziachwe. Hazikuachwa. Millais alichora tena kwa ajili ya Orley Farm, The Small House at Allington na Phineas Finn, na Trollope alihesabu michoro 87 jumla. Katika wasifu wake, uliochapwa mwaka 1883 baada ya kufa kwake, anaandika kwamba hajui kazi iliyofanywa na binadamu kwa uaminifu zaidi ya hiyo. Anasema kuna wachoraji wanaotengeneza picha nzuri tu na kuna wanaosoma kitabu kwanza, na Millais alikuwa wa pili. Anakiri hata kwamba watu wake wa kubuni aliokuwa akiwahamisha kutoka riwaya hadi riwaya walikaa kichwani mwake kwa sura alizowapa Millais. Mwandishi aliyedai mchoraji hakumwona msichana wake alikuja kuwaona watu wake kwa macho ya mchoraji huyo.

Wasifu, lakini, ni maneno ya mzee aliyekwisha kusamehe wote. Ninayoipenda zaidi ni barua ya Julai 1860, miezi miwili tu baada ya ghadhabu. Smith alikuwa amempelekea mchoro wa familia ya Crawley. Trollope anasema ni mzuri sana, na kwamba sasa atakubali kulisahau lile gauni la marinda. Kisha anaongeza sentensi moja ambayo hakulazimika kuiandika: muda fulani baada ya mchoro kutoka, aliliona kwa macho yake gauni la mtindo uleule hasa. Aliyelivaa hamtaji. Mwaka 1860 angeweza kuwa binti wa kabaila, binti wa daktari, au mjakazi katika siku yake ya mapumziko.